Jino Moja la Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo alikuwa na jino moja pale ambapo sisi wengine hatuna kitu. Naanza na jino kwa sababu bila hilo jino ningekuwa nimezika ndugu yangu kama watu wengine wanavyozika, na usiku ningelala.

Kwetu Turkana, mtoto akifika umri wa kuachwa na mbuzi peke yake, alikuwa anatolewa meno mawili ya chini, yale ya mbele. Siku hizi watoto wa shule wengi wanayo, na daktari wa Kakuma akiniona kinywa anatikisa kichwa kama ni mimi niliyejitoa. Wakati wetu hukuulizwa. Kulikuwa na mama mmoja mzee mwenye chuma chembamba kama sindano ya kushonea gunia. Anabana kichwa chako katikati ya magoti yake, anasukuma, jino linalala, anavuta. Unatema damu mchangani na hulii. Mimi nilitolewa yote mawili bila sauti. Sisemi hivi kujisifu, nilijikojolea.

Siku ya ndugu yangu niliambiwa nimshike miguu. Jino la kwanza likatoka. Kabla ya la pili akanipiga teke la kidevu, akatoka mbio mpaka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, akakaa huko na mbuzi siku mbili. Yule mama mzee akasema yeye hafukuzi mtoto vichakani, basi jino likabaki. Na kwa sababu halikuwa na mwenzake, likaanza kuegemea upande wa pengo, likaegemea hivyo maisha yake yote, kama mtu aliyechoka kusimama.

Vijana wa rika lake walimchokoza kwa maneno. Wanamwuliza, "Hilo jino lako linalinda nini hapo?" Naye anajibu, "Linalinda ulimi. Wenu si mnaona unavyotoka ovyo?"

Alienda jeshi. Mimi niliishia darasa la tatu, Kiswahili changu nilikiokota kwenye malori nikiwa taniboi wa njia ya Kitale, lakini yeye alimaliza la saba. Vijana waliandikwa Lodwar. Walikimbizwa kwenye mchanga mpaka mto Turkwel na kurudi, wengine wakaanguka. Daktari akamfungua mdomo akamwuliza kwa nini yeye ametolewa moja. Akasema, "Lingine nimeliacha nyumbani lichunge mbuzi." Wakacheka, wakamwandika. Siku hiyo hiyo aliandikwa kijana mwingine, mtu wa Namoruputh, kule chini ya milima ya Loima. Hao wawili wakawa kitu kimoja. Likizo wanakuja pamoja, mara kwetu, mara kwao. Mama alikuwa anawapa maziwa kwa kibuyu kimoja, wanapokezana. Yule wa Namoruputh alituletea mtamba mwekundu wa urafiki, na mpaka leo kwenye zizi langu ng'ombe wekundu wote ni uzao wake. Hawa ng'ombe nitarudi kwao.

Walipotea pamoja. Zaidi ya miaka thelathini sasa. Walikuwa kwenye lori la kupelekea askari wa doria maji, kaskazini mbali, kupita Todonyang. Lori lilionekana limesimama, maji yamo ndani ya mapipa, hata hayajamwagika. Dereva alikuwa mbele kidogo, amekufa. Wale wawili hapana. Si nguo, si kiatu.

Watu wa jeshi walikuja kumwambia mama. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmeniletea habari ya lori. Mimi sikuzaa lori."

Kwetu mtu akifa ndugu zake wananyoa nywele. Mama alikataa kunyoa. Alisema atanyoa siku atakayoona mwili. Ndugu yangu alikuwa ameacha kigoda chake, ekicholong, kile cha mbao ambacho mwanaume wa kwetu anatembea nacho, mchana anakalia, usiku analaza kichwa. Mama akawa anakitoa kila jioni kabla jua halijazama, anakiweka nje ya mlango, upande wa kaskazini. Asubuhi anakirudisha ndani. Watoto wangu walijifunza kukizunguka kabla ya kujifunza kuongea. Macho ya mama yalipokufa, aliendelea kukitoa kwa kupapasa. Mimi nilikuwa nakasirika, nasema kweli. Mtoto aliyebaki alikuwa mimi, na hakuna aliyeniwekea kigoda.

Sasa, mwaka 2012, ukielekea mwisho. Mvua ilikuwa imepiga kaskazini, laga moja huko ikala ukingo wake, na wachungaji wakaona mifupa ya mtu imetoka kwenye udongo. Ilikuwa na soli za buti, na kifungo cha mkanda, na mnyororo wa shingoni wenye kibati cha namba, kile anachovaa askari. Namba ilisomeka. Ilikuwa ya ndugu yangu.

Ofisa aliyekuja Kakuma alikuwa kijana, angeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho. Alivua kofia kabla ya kukaa.

"Mzee," akaniambia, "kuna kipimo cha damu. Tunachukua yako na ya mama, tunapeleka Nairobi, tunalinganisha na mfupa. Lakini kinachukua miezi."

"Kibati si kina namba yake?"

"Kina namba yake, mzee. Ila ni haki yenu kupima."

Nikamwonyesha mama, pale alipokuwa amelala kivulini, amekauka, mkono wake mwembamba mpaka unapitisha mwanga. Nikasema, "Huyu hana miezi. Tuletee mtoto wake."

Hiyo ilikuwa sababu moja. Nyingine naitoa hapa kwa sababu nimezeeka: habari ilikuwa imeshasambaa. Watu walikuwa wameanza kufika. Mwaka wa uchaguzi ulikuwa karibu, na mgombea mmoja alikuwa ameahidi ng'ombe dume. Wakati wote huo mimi nilikuwa mtu wa kupuuzwa Kakuma, na sasa watu wananipisha njiani wananiita mzee wa shujaa. Ulikuwa utamu. Sikutaka kuuahirisha utamu huo kwa miezi.

Basi tukaenda Lodwar, mimi na ofisa, kuutambua mwili. Chumba cha maiti joto la nje linakufuata mpaka mlangoni halafu linakuacha ghafla. Mhudumu wa mle alikuwa mtu wa mzaha, nadhani kazi ile bila mzaha haifanyiki. Akanisalimia, "Ejok, mzee. Mgeni wako ni mwepesi kuliko wote niliowahi kupokea. Hata chakula haombi."

Walikuwa wameitandaza mifupa juu ya turubai la buluu, wameipanga kama mtu amelala. Haikutimia. Mkono mmoja haukuwepo kuanzia kiwiko. Kichwa kilikuwepo, na taya lake kando.

Nikainama nikatazama taya.

Mapengo yalikuwa mawili.

Nikajiambia, jino moja linaweza kuanguka. Miaka yote hiyo ndani ya udongo, kwa nini lisianguke? Lakini mimi nimechunga, nimeona mafuvu ya mbuzi maishani mwangu kuliko nilivyoona vitabu. Jino likianguka mnyama ameshakufa, shimo lake linabaki wazi, unaingiza kijiti. Likitoka akiwa hai na mdogo, mfupa unajifunga, unakuwa laini kama kidonda cha zamani. Hapa mfupa ulikuwa umejifunga pande zote mbili. Nikapitisha kidole. Laini, laini.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Likizo yao ya mwisho ndugu yangu alikuwa anaoga, mnyororo wake unang'aa, nikamwomba niuone. Akacheka.

"Huu si wangu. Ni wa huyu wa Namoruputh. Wangu anao yeye."

Walikuwa wamebadilishana. Kwetu marafiki wakipendana wanabadilishana bangili, shanga, hata mikuki, ili kila mmoja atembee na mwenzake mwilini. Hao wawili jeshi liliwavua bangili zote likawapa vibati, basi wakabadilishana vibati. Hawakuona ubaya. Mama alikuwepo, akisaga tumbaku, akawaambia, "Siku moja kila mmoja atalipwa mshahara wa mwenzake." Yule wa Namoruputh akasema, "Ukiwa mkubwa, mama, sirudishi." Tukacheka sote wanne.

Nimesimama pale Lodwar, kidole changu kwenye taya, na aliyelala mbele yangu ni huyo aliyesema "sirudishi".

"Mzee," ofisa akauliza polepole. "Ni yeye?"

Nje nilisikia watu wa gari wakipakia maua ya plastiki. Nikasema, "Ni yeye."

Wakamweka kwenye sanduku zuri, wakalifunika bendera. Barabara ya Lodwar kuja Kakuma mnaijua, au kama hamuijui ni hivi: lami iliwekwa zamani, siku hizi yamebaki mashimo yenye lami pembeni. Kila shimo nilisikia ndani ya sanduku kitu kinagonga mbao. Ko. Ko. Askari waliokaa nami walitazama buti zao. Mimi nilikuwa nahesabu mipigo bila kutaka, na baadaye nikaanza kusikia kama mtu anayebisha mlango kwa adabu, ambaye amekosea nyumba na anajua.

Kuanzia mbali kabla ya mji watu walikuwa wamesimama kando ya njia. Wachungaji walitoka Nakalale, siku mbili kwa miguu. Walikuwepo wafanyakazi wa ofisi, watu wa bara, wamevaa tai kwenye jua lile, na wenye maduka wamefunga milango. Wakimbizi wa kambini walisimama kwa mistari, kimya, wanaume wamevua kofia. Hao sanduku linalorudi nyumbani wanajua thamani yake. Wanawake wetu wakaimba. Na mimi juu ya gari, mkono wangu juu ya bendera, natikisa kichwa kama mfiwa. Nilikuwa mfiwa. Sikujua tu nafiwa na nani.

Sanduku likaingizwa ndani ya nyumba ya mama, likae hapo mpaka asubuhi ya kuzika. Jua bado lilikuwepo. Mama akasema, "Fungueni."

Sajini akasema, "Mama, sanduku la jeshi halifunguliwi."

"Nani alisema?"

"Ndiyo amri, mama."

"Na huyo mwenye amri, alimnyonyesha?"

Sajini akamtazama ofisa. Ofisa akavua kofia tena, akatazama juu, halafu akafanya ishara kwa kidole. Bisibisi tuliazima kwa seremala mmoja Mkongo wa kambini, aliyekuwa nje anatutengenezea msalaba. Akaingia mwenyewe, akapiga magoti. "Pole, mama. Niko nafungula polepole tu." Akatoa skrubu nne, akazishika kwenye kiganja, akatoka. Ofisa na sajini nao wakatoka. Tukabaki wawili.

Mama akaingiza mkono. Alianza na kifua, akapita mbavu kama anahesabu mbuzi wakiingia zizini. Akafika kwenye paji la uso, akalipapasa sana. Akashuka. Kidole chake kikafika kwenye taya, mbele, kikasimama. Kikaenda kulia. Kikarudi kushoto. Kikakaa.

Nilitazama mlango. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nilikuwa nayo, naapa. Lakini mama akatoa mkono, akaufuta kwenye vazi lake la ngozi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni yeye. Funga."

Wanawake waliokuwa nje wakapiga yowe. Sikujua kama vidole vyake vimezeeka kama macho, au kama amedanganya kama mimi.

Asubuhi, watu wakiwa bado wanakusanyika, mwanamke mmoja mzee alinijia. Alikuwa mfupi, anavuta mbuzi kwa kamba. Nikamjua kabla hajasema. Alikuwa na paji la uso la kaka yake. Alikuwa dada wa yule wa Namoruputh, mtu pekee aliyebaki kwao.

"Nimeleta mbuzi," akasema. "Ndugu yako alikula kwetu sana."

"Asante, mama."

"Hapo walipomwona huyu, hawakuona mwingine karibu?"

"Hapana."

"Walitafuta?"

"Walitafuta."

Akatazama nyumba ya mama, mlango ukiwa wazi na bendera inaonekana. "Basi mimi wangu nitamlilia hapa hapa," akasema. "Walikula kibuyu kimoja, hawatagombana."

Ningesema wakati ule. Tulikuwa wawili tu na mbuzi. Nilichosema ni, "Karibu chai."

Zamani sisi hatukuzika kila mtu, kijana asiyeoa aliachwa porini na hapo ndipo alipokwisha. Siku hizi kanisa limetufundisha kuchimba. Ardhi yetu ni mawe, wanaume walikuwa wameshinda na mitaimbo tangu juzi. Wazee wakaniuliza kichwa kielekee wapi. Wao walitaka mashariki. Nikasema kusini.

"Kusini kuna nini?" mzee mmoja akauliza. "Huko ni Loima tu."

Nikasema ni kwa sababu ya mteremko wa maji. Hiyo ndiyo haki peke yake niliyomtendea yule mtu, kumgeuza atazame kwao.

Katekista aliomba vizuri. Mgombea aliongea mpaka kipaza sauti kikafa, akaendelea bila kipaza sauti. Askari walipofyatua bunduki mara tatu, mbuzi wote wa jirani waliruka ua na vizee vikalala chini, halafu watu wakacheka kidogo hapo hapo kwenye kaburi, na nikakumbuka kicheko cha ndugu yangu, nikatazama nyuma. Siwezi kueleza. Niliona kama kuna mtu amesimama nyuma ya watu wote, anatazama shughuli yake inafanywa kwa mwingine. Hapakuwa na mtu, palikuwa na mti.

Dume lilichinjwa, tukapakwa samadi ya tumboni kifuani kwa baraka. Kisha wakaanza kunyoa. Mama akakaa mchangani, na zile nywele alizokataa kunyoa miaka yote zikaanguka, nyeupe, nyepesi, upepo ukazichukua kabla hazijafika chini. Akiwa bado ananyolewa, yule dada wa Namoruputh akaja akakaa kando yake. "Nyoeni na mimi," akasema. Mama akageuza uso upande wa sauti ile. Akanyoosha mkono, akapata kichwa chake, akaupumzisha hapo mpaka wembe ulipokwisha.

Basi mzee wa ukoo akasema, "Leteni ekicholong chake tumzike nacho."

Nikakileta. Mama akauliza ni nini kimeletwa, wakamwambia. Akakipokea kutoka mikononi mwangu, akakiweka chini, akakikalia.

Lazima mjue kwamba mwanamke wa kwetu hakalii kigoda cha mwanaume. Sijawahi kuona. Mzee wa ukoo akasema, "Mama, inuka, ni cha marehemu."

"Nimechoka," mama akasema.

"Tutakuletea kiti."

"Nimechoka hapa."

Wakanong'ona kwamba uchungu umemwingia kichwani. Walisubiri, hakuinuka. Jua likapanda, sajini akatazama saa, mwisho wakafunika kaburi bila kigoda, wakapanga mawe. Watu walipoondoka ndipo akanipa mkono nimwinue. Nikawa namwongoza kwenda nyumbani, kigoda amekikumbatia. Tumefika nusu ya njia akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Namoruputh ni mbali?"

Kumbe alijua. Alijua tangu kidole chake kilipokaa pale, na vibati alivikumbuka kama mimi.

"Si mbali sana, mama."

"Nikiwa bado hai usiende. Watu wamelia vizuri. Wacha nife nikiwa nimezika mtu. Nikifa, uende."

Jioni ile akakitoa kigoda, akakiweka nje ya mlango, upande wa kaskazini.

Baada ya hapo ndipo yakaja mambo ya ng'ombe. Wale wekundu, uzao wa mtamba wa Namoruputh, walianza kulala kaburini. Wengine hapana, ni wao tu. Wakirudi malishoni wanapita zizi, wanakwenda wanalala kuzunguka mawe, vichwa wameelekeza kusini. Jirani yangu alisema wanafuata chumvi ya udongo mpya, na labda ni hivyo. Mimi nilikuwa nakwenda kuwafukuza jioni, na nikifika pale sikujua nisalimu kwa jina gani. Msalaba uliandikwa jina la ndugu yangu. Nikisema hilo, nahisi chini kunanyamaza kama mtu aliyeitwa jina la mwingine. Nikisema lile la kweli, nageuka kutazama kama kuna anayesikia. Mwisho nikawa nasema "ejok" tu, naondoa ng'ombe.

Uchaguzi ukaja, ukapita. Mgombea alishinda au alishindwa, kwetu hakurudi, hata njia yetu nadhani ameisahau. Mvua ndefu ya 2013 ikanyesha, na ilipokuwa inaisha mama akafa, mchana, mkono wake juu ya kigoda. Tukamzika. Nikanyoa. Nikakaa siku zinazotakiwa, na nyingine nilizojiongezea kwa woga, halafu nikapanda lori la mahindi mpaka Lodwar, na lingine la kuelekea Loima, na mwisho nikatembea.

Nilimkuta anakamua. Hakushangaa. "Mama yako amekufa," akasema, akitazama kichwa changu.

"Amekufa."

Akanipa maziwa, nikayashika bila kunywa. Nikamwambia yote, kuanzia jino. Nilimwambia vibati, na taya, na kidole changu, na "Ni yeye" niliyoisema Lodwar, na chai niliyomkaribisha. Sikuacha kitu. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika chuchu ya ng'ombe, haikamuliwi.

"Mbuzi wangu," akasema. "Ulimla ukijua."

"Nilimla."

"Alikuwa mtamu?"

"Sikummaliza."

"Ungemmaliza. Ningekuwa najua aliliwa vizuri." Akainuka, akanigeuzia mgongo, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani ataniitia vijana wa kijiji wanipige, na ningekaa nipigwe. Lakini alipogeuka mkono wake ulikuwa kichwani, unapapasa nywele zilizokuwa zimeota tena.

"Kumbe nilishanyoa," akasema. Akarudia, "Kumbe siku ile nilishanyoa."

Akaketi. Akauliza, "Amelala anatazama wapi?"

"Huku. Nilimgeuza huku."

"Na nani yuko naye?"

Nikamwambia ng'ombe. Hapo ndipo alilia kwa sauti, na alilia mpaka ndama wakaja kutazama.

Tulikubaliana asije kubadilisha msalaba sasa hivi, kwanza aje akae na kaburi lake, mengine ya ofisi tutaona. Nikasimama niende. Akaniita.

"Wewe. Ndugu yako amevaa namba ya kaka yangu."

"Ndiyo."

"Basi siku wakimpata, lile gari la bendera halitakuja kwako. Litakuja hapa."

Mimi sikuwa nimefika huko kwa mawazo, na nilikuwa na miezi ya kufikiri. Akaingia ndani, akatoka na simu iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Huwa anaitundika kwenye mti mmoja pale juu, ambapo mtandao unapita. Kuandika hajui. Nikamwandikia namba yangu, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena.

"Nitafungua sanduku mimi mwenyewe," akasema. "Jino moja, linaegemea. Nitajua. Nitakupigia kabla sijalia."

Sasa mwaka unaisha. Kigoda nakitoa mimi, kabla jua halijazama, upande wa kaskazini, na wajukuu wanakizunguka. Mwanamke wa Namoruputh huwa ananipigia. Jina lake likitokea kwenye simu naiacha ilie mara tatu, mara nne, mke wangu ananitazama. Halafu naweka sikioni. Anasema mtamba amezaa, au mvua imepita pembeni tena. Mpaka sasa ni ng'ombe na mvua tu.